Kura Isiyo na Muhuri

Mwenyekiti wa Chama cha Watumaji kwa Posta alikuwa na sahihi yenye mkia mrefu, na tuanzie hapo, maana mkia huo ndio uliokuja kumponza. Alisaini kila kitu. Ikija katoni ya karatasi, anasaini yeye. Ikija barua ya rejista, hata kama haimhusu ndewe wala sikio, ananyoosha mkono kabla mpeleka barua hajafungua kitabu, anachora jina lake, kisha anauburuta ule mkia mpaka unaingia kwenye mistari ya watu wengine. Katibu alifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kusaini rejista hata moja. Hakujali. Mtu mzima hagombei kalamu.

Huyo Katibu alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya viatu, na kitu alichokijua kuliko wote pale ni katiba ya chama. Si kwa ujuzi wa sheria. Ni kwamba aliichapa yeye, kwa vidole vyake, mara saba, kila Mwenyekiti alipobadilisha mawazo. Ukichapa kitu mara saba, kinakuingia damuni hata kama hukipendi.

Chama kilikuwa na wanachama ishirini na watatu. Wenye majarida, wenye viwanda vya bahasha, wachapaji, wauza samani kwa katalogi kama Mwenyekiti mwenyewe, na bibi mmoja aliyeuza mbegu za maua na mboga kwa pakiti ndogo ndogo, ambaye wote walimwita Bibi Mbegu. Watu hao walituma vitu kwa posta kwa maelfu. Pale posta walijulikana kama wateja wakubwa, na neno hilo liliwapanda kichwani.

Sasa, wafanyakazi wa posta na mwajiri wao walikuwa wamekaa mezani miezi saba wakizungumzia mkataba mpya wa kazi. Vifungu vyote vilikwisha kukubaliwa isipokuwa kimoja, cha kumi na nne. Kilikuwa kifupi: mfuko wa mpeleka barua usizidi kilo kumi na sita. Basi. Mpaka wakati huo mfuko haukuwa na kipimo. Kilichoingia kilibebwa, na kisichoingia kilisukumwa kwa goti mpaka kiingie. Msuluhishi aliyewekwa kati yao alipochoka kuwasikiliza, akasema wateja wakubwa nao waseme. Wakileta pingamizi lililopigiwa kura na wanachama wao kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, kifungu kinatupwa. Wasipoleta, kinapita.

Kwa watu wengine hicho kilikuwa kifungu. Kwa Katibu kilikuwa bega la mume wake.

Mume wake, Baba Pacha, alikuwa mpeleka barua mwaka wa ishirini na mbili. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya la kulia, unaweza kuliona hata akiwa amevaa koti. Shati hakuweza kulivaa peke yake; mkewe alimshikia mkono kila asubuhi akauingiza kwenye mkono wa shati taratibu, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Daktari alikuwa amesema waziwazi: mwaka mmoja zaidi wa mizigo ile na mkono huo utakuwa pambo. Kustaafu kulikuwa bado miaka minne.

Jumatatu ya wiki hiyo Mwenyekiti aliingia ofisini na tamko tayari limeandikwa. Akalisoma kwa sauti, amesimama dirishani, anajisikia raha. Lilisema madai ya kilo kumi na sita ni "uvivu uliovishwa sare". Lilisema wanachama wote, kwa kauli moja, wanapinga.

"Wanachama hawajapiga kura bado," Katibu alisema.

"Watapiga. Waandikie leo, swali moja tu. Je, chama kipinge kifungu cha kumi na nne? Ndiyo au hapana. Na kura hazitakwenda kwa posta. Wale wako kwenye mgomo baridi. Wanapima kila mfuko kwenye mizani, ukifika kilo kumi na sita wanaufunga, kilichobaki kinalala. Barua ya mtaa wa pili inachukua siku tatu. Nimekodi mtu wa pikipiki, atazungukia wote na kukusanya."

Katibu alivaa miwani. Alipovaa miwani hivyo, mtu mwenye akili angesita kidogo.

"Mwenyekiti, umesoma kifungu cha tisa cha katiba yetu?"

"Kasome wewe. Ndiyo kazi unayolipwa."

Naye akaenda akakisoma, ingawa alikijua. Kisha akaandika barua ishirini na tatu, akamkabidhi mtu wa pikipiki. Alikuwa ameonya mara moja, mbele ya mchapaji aliyekuja kuchukua oda yake, na mchapaji alisikia. Hakuona sababu ya kuonya mara ya pili.

Jumatano mchana simu ililia.

"Kuna mtu kaja hapa na pikipiki," Bibi Mbegu alisema bila salamu. "Kofia kichwani, hata hakuivua. Ananiambia nimpe kura yangu. Nimemwambia, baba, mimi natuma mbegu kwa posta tangu hujazaliwa, kura yangu nitampa mtu nisiyemjua kwa nini? Nimevaa viatu, nimekwenda posta mwenyewe. Nimeirejista."

Katibu akauliza: "Umepigaje, Bibi?"

"Kura ni siri, mwanangu. Katibu mzima huyajui hayo?" Akakata.

Katibu alibaki na mkonga wa simu mkononi. Bibi Mbegu hatabiriki. Mgomo mmoja wa posta, miaka ya nyuma, ulimwozeshea vitunguu vya mbegu, na alitukana posta nzima kwa wiki mbili. Angeweza kusema lolote. Lakini kura yake ilikuwa safarini, kwa njia ya halali, na ndiyo pekee.

Alhamisi jioni Katibu alikuwa amekaa nyuma ya mume wake, anamsugua dawa begani. Mapacha walikuwa chumbani wakigombania kitabu. Harufu ya dawa ilikuwa imeshazoeleka ndani ya nyumba ile, hata nguo zilinukia.

"Baba Pacha, nikuombe kitu."

"Omba."

"Kuna rejista ya chama chetu. Imeingia posta jana. Haijaletwa leo, kwa hiyo iko kwenye mifuko iliyolala. Kesho asubuhi itafute, uitangulize. Mtaa ni wako, hakuna atakayeuliza."



"Barua ina foleni yake," Baba Pacha akasema.

"Ni kwa ajili ya bega hili ninalolisugua."

"Hata ingekuwa kwa ajili ya shingo. Miaka ishirini na miwili sijaitoa barua kwenye foleni, si ya waziri, si ya mama yangu mzazi. Nikiitoa kesho, yule bosi wako anayetuita wavivu atakuwa na la kusema. Atasema tunachezea barua za watu. Na atakuwa amesema kweli."

Katibu alikasirika. Tena alikasirika zaidi kwa kuwa mume wake alikuwa sahihi, na hakuna hasira mbaya kama hiyo. Akasugua kwa nguvu kuliko alivyoagizwa na daktari.

"Unaniua, mama."

"Bora nikuue mimi kuliko katalogi za samani."

Baba Pacha alicheka mpaka bega likamuuma, ikabidi aache. Naye mkewe akacheka, lakini usingizi wa siku hiyo haukuwa mzuri.

Ijumaa saa nne kamili kikao kilifunguliwa. Walikutana kwenye chumba kilicho kando ya ofisi ya chama, juu ya kiwanda cha mchapaji, meza tatu zimeunganishwa, na sakafu inatetemeka kila mashine ya chini inapokata karatasi. Walikuja wanachama kumi na wawili. Bibi Mbegu hakuja. Ngazi zile alishazikataa zamani. Katikati ya meza lilikuwepo kopo la biskuti lenye bahasha ishirini na mbili, zote safi, zote nyeupe. Mwenyekiti alikaa mbele ya kopo na kalamu yake imeshafunguliwa kifuniko.

"Hesabu tumalize," alisema. "Msuluhishi anangoja."

Katibu akavaa miwani. Akachukua bahasha ya kwanza, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaiweka kando bila kuifungua. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Alipofika ya saba, mwenye kiwanda cha bahasha, aliyedhani labda gundi yake ina kasoro, akauliza kuna nini.

"Hazina muhuri," Katibu alisema.

"Muhuri gani?"

"Wa posta. Kifungu cha tisa. Nisome?" Hakungoja jibu. "Kura ya mwanachama itatumwa kwa posta na itakuwa na muhuri wa posta wenye tarehe. Kura isiyo na muhuri si kura." Akakunja karatasi. "Ulikipendekeza wewe, Mwenyekiti, mwaka wa kwanza. Ulisema chama cha watu wa posta kisichotumia posta ni kama muuza viatu anayetembea peku. Watu walikupigia makofi. Yamo kwenye kumbukumbu."

Mkasi wa mashine ulikata karatasi kule chini. Mchapaji alitazama meza.

"Upuuzi," Mwenyekiti alisema. "Posta imegoma."

"Haijagoma. Inapima."

"Wewe una maslahi hapa." Alimnyooshea kalamu. "Jamani, mnajua mume wake ni nani? Mume wake ni mtu wa posta. Anabeba mfuko mtaa huu huu."

Hapo ndipo maneno yaliyokuwa yamekaa kifuani kwa Katibu miezi saba yalipotoka, na yalitoka kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ndiyo, ni mtu wa posta, na sijamficha. Leo asubuhi nimemvalisha shati kama mtoto, kwa sababu mkono haupandi. Katalogi yako, Mwenyekiti, ina kilo moja na robo. Nimeipima jikoni kwangu. Msimu ule uliotuma elfu mbili, yeye alizipandisha ghorofa ya nne, ya tano, kwa watu ambao nusu yao hawakuzitaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukitaka kuwaita wavivu, waite, mdomo ni wako. Lakini kwa jina la chama hiki utawaita kwa kura halali, au hutawaita."

Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho, lakini hakuwa mjinga. Aliivuta katiba, akalamba kidole, akafunua ukurasa. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile Katibu alilitarajia, ndiyo maana lilimkata maini.

"Sawa. Kura hizi si kura. Tusome basi na cha kumi. Ikiwa hakuna kura hata moja iliyofika hadi mwisho wa muda, Mwenyekiti ataamua kwa niaba ya chama." Akaegemea kiti. "Hakuna kura. Naamua mimi. Napinga."

"Hadi mwisho wa muda," Katibu alisema. "Muda ni saa sita. Sasa ni saa tano kasoro robo."

"Unangoja nini?"

"Barua za leo."

Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti akaagiza chai. Siku za kawaida Baba Pacha hufika saa nne na dakika kumi, unaweza kurekebisha saa yako kwa hatua zake. Siku hiyo saa nne ilipita, saa tano ikapita, chai ikanywewa, vikombe vikaondolewa. Katibu aliandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko mzuri kuliko ilivyohitajika, ili mikono ipate kazi. Alijua hesabu yake. Mfuko wa kilo kumi na sita unaisha katikati ya mtaa. Mtu anarudi posta, anachukua wa pili, anaanza alipoishia. Kama rejista ile iko kwenye mfuko wa tatu, itafika saa nane, na saa nane bega la mume wake litakuwa limeshauzwa. Alimlaumu moyoni kwa ile foleni yake. Halafu akajilaumu kwa kumlaumu.

Saa tano na nusu alisikia ngazi. Aliitambua ile miguu: mmoja unakanyaga kwa uzito, mwingine unafuata. Akainamisha kichwa kwenye daftari, hakuthubutu kutazama mlango.

"Habari za saa hizi," Baba Pacha alisema, jasho linamtiririka. Alishusha mfuko sakafuni kwa mkono wa kulia. "Samahani kwa kuchelewa. Kuna majarida mawili, na rejista moja ya Chama."

Mkono wa Mwenyekiti ulikuwa umeshanyooshwa. Nani angemzuia? Ndio mkono uliozoea. Mwenyewe macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, anahesabu dakika zake, huku vidole vinavuta kitabu, kalamu inashuka, jina linachorwa, na mkia unaburutwa, mrefu, wa madaha, mpaka mstari wa mtu wa chini. Baba Pacha alifunga kitabu akamkabidhi bahasha.

Ndipo Mwenyekiti akaigeuza. Nyuma, kwa herufi kubwa za wino wa buluu, iliandikwa jina la duka la mbegu, na chini yake: KURA.

"Hii irudi," alisema haraka. "Sijaipokea."

"Ungeikataa kabla ya kusaini, mzee, ningeandika imekataliwa, ikarudi kwa mtumaji. Ndiyo haki yako." Baba Pacha alisema kwa upole, kama anavyowaambia watu wote mlangoni. "Umeshasaini. Sasa ni ya kwenu, mimi sina ruhusa kuigusa."

"Ilikuwa bahati mbaya."

"Sahihi ile?" mchapaji alisema kwa mara ya kwanza. "Mbona imechukua mistari mitatu."

Mtu mmoja akapaliwa na kicheko. Mwenyekiti aliishika bahasha, na kwa kitambo kila mtu chumbani alijua anafikiria kuitia mfukoni. Katibu alisimama, akazunguka meza, akanyoosha mkono.

"Kura hufunguliwa na Katibu. Kifungu cha kumi na moja."

Macho ya wote mezani, tena na mawili ya mlangoni, yalimtazama Mwenyekiti. Akaitoa.

Ilikuwa na muhuri mbele na muhuri nyuma, tarehe ya Jumatano inasomeka hata bila miwani. Katibu aliionyesha kwa kila mmoja, akianzia kushoto. Kisha akaichana. Hakujua kilichomo. Kama Bibi Mbegu amekumbuka vile vitunguu vyake, basi Katibu amejichimbia kaburi kwa mikono yake na mume wake anaangalia. Ndani kulikuwa na karatasi ya kura, na karatasi nyingine ndogo iliyochanwa kutoka pakiti ya mbegu. Akasoma ya kura kwanza.

"Hapana."

Akarudia, kwa kuwa sauti ya kwanza haikutoka vizuri. "Je, chama kipinge kifungu cha kumi na nne? Hapana." Kisha akasoma ile ndogo. "Nimetuma mbegu miaka thelathini. Kwa mgomo mmoja niliwatukana, na walistahili. Lakini siku nyingine zote, hakuna hata pakiti moja iliyoota ndani ya mfuko wa mtu wa posta. Anayebeba hivyo asibebeshwe kama punda."

Mchapaji ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mwenye bahasha, na kicheko kikazunguka meza hadi mashine ya chini haikusikika. Baba Pacha hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama kiatu chake.

Katibu alirudi kwenye daftari akaandika huku anatamka kila neno. "Kura halali zilizofika: moja. Ndiyo, hakuna. Hapana, moja. Chama hakipingi kifungu cha kumi na nne." Akapiga mstari chini. "Jibu hili nalipeleka kwa msuluhishi sasa hivi. Ni ng'ambo ya barabara, dakika kumi zinatosha."

"Mmoja dhidi ya ishirini na wawili," Mwenyekiti alisema. "Mnaruhusu hili?"

Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Mwenye bahasha akasema kwamba yeye, kwa kusema ukweli, alijaza kura ile pikipiki ikiwa inanguruma mlangoni, hata swali hakulisoma vizuri. Mchapaji akasema haraka haraka haina baraka, na akaomba kikao kifungwe kwa sababu ana karatasi kwenye mashine.

Katibu aliweka daftari kwapani, akaivua miwani, ikaning'inia. Alikuwa amefika mlangoni Mwenyekiti alipopata tena kinywa chake.

"Wewe mama. Jumatatu usije. Huna kazi hapa."

Aligeuka. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemsikiliza mtu huyu akiwa amekaa. Sasa alisimama kando ya mume wake, akaushika mkanda wa ule mfuko uliokuwa sakafuni, akauinua kwa mkono mmoja kuonja uzito wake. Kilo kumi na sita, si zaidi. Akamtundikia bega la kulia, akamnyooshea kola ya koti.

"Kifungu cha kumi na saba," alisema. "Katibu huondolewa kwa kura ya wanachama. Pigeni, mkitaka. Zitieni stempu, mzipeleke posta. Zikifika, atazileta mume wangu."